Nati Isiyo na Pini

Sanduku la vipuri lilikaa ukumbini siku tisa, limeegemezwa ukutani karibu na kabati la vyombo, na siku zote hizo mama mwenye nyumba alilizunguka kama mtu anayemkwepa mgeni asiyemtaka. Alifagia pembeni yake, akapiga deki pembeni yake. Siku ya kumi akampigia simu mdogo wake, fundi wa magari, akamwambia, "Njoo mmalize hilo balaa lenu. Likishaondoka hapa, nisisikie tena habari zake."

Balaa lenyewe lilikuwa gari la mumewe, gari dogo la milango minne lililokuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yao. Mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia, na mtaa mzima mpaka leo humwita Mwalimu. Gari alilirithi kwa baba yake likiwa bado linang'aa, akalitunza kama mboni ya jicho. Kisha, miaka sita iliyopita, Jumapili moja asubuhi, alikuwa akimrudisha mama mkwe wake nyumbani. Kwenye mteremko wa kushukia darajani gurudumu la mbele la kushoto lililala, gari likagonga ukingo, likaviringika mpaka mtaroni. Mama mkwe alikata roho palepale. Mwalimu alivunjika uti wa mgongo, na tangu siku hiyo hajasimama kwa miguu yake.

Marehemu ndiye aliyewazaa dada mtu na fundi. Hawakuwa na ndugu mwingine.

Karatasi ya polisi iliandika mwendo kasi tu. Kila mtu aliamini gurudumu lilivunjika kwa kugonga ukingo. Mwalimu mwenyewe hakukumbuka chochote kuanzia juu ya mteremko mpaka alipofumbua macho wodini, kwa hiyo walipomwambia alikuwa akikimbiza gari, aliitikia. Mkewe naye akaamini. Hakumwacha. Alimlisha, alimwogesha, alimgeuza kitandani kila baada ya saa chache asiote vidonda, na kwa miaka sita hakumwambia neno lisilo la lazima. Alihamia chumba cha wageni. Watu wakija kumjulia mumewe hali, yeye huweka chai mezani na kusema, "Muulizeni alikuwa anawahi nini." Halafu huondoka.

Vile vipuri vililetwa na mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, mtu mzima sasa, mpenzi wa magari ya zamani. Alikuwa amelitaka gari lile tangu akiwa shule, na sasa Mwalimu alikuwa amekubali kumwachia. Alileta fundi wa bodi, akanyoosha madigadi na paa, akapiga rangi. Zikabaki sehemu za chini za mbele, na hizo Mwalimu alikataa ziguswe na mtu mwingine isipokuwa shemeji yake. "Nataka liondoke uani kwa miguu yake," alisema. "Mmoja wetu angalau aondoke hivyo."

Shemeji huyo wateja walimwita Fundi Kaza. Jina lilitokana na mazoea yake ya kumkabidhi mtu funguo akisema, "Nenda na amani, nimekaza mwenyewe." Alikuwa fundi mzuri. Lakini siku ile ya ajali alilipokea gari kutoka kwenye lori la kuvuta, akaliegesha juu ya matofali uani kwa dada yake, akalifunika turubai, na tangu hapo hakuwahi kulichungulia uvunguni. Mama yake alikuwa amefia mle. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hataki kulitazama.

Jumatatu asubuhi alifika na jeki zake. Dada yake alikuwa ameshakwenda kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako alikuwa msimamizi na hutoka saa nane mchana. Mwalimu alikuwa ameshajisogeza na kiti chake cha magurudumu mpaka kwenye kivuli cha ukuta, kofia kichwani, kama mzazi aliyekuja kuangalia mtihani wa mtoto.

Walifungua sanduku pamoja. Mikono ya chuma ya juu na ya chini, springi mbili fupi nene, shokabsoba, diski za breki zinazong'aa kama sahani na kalipa zake za kuzibana, vyote vipya, vyote kwenye karatasi zenye mafuta.

"Hizi diski ni anasa," Mwalimu alisema. "Zile breki za ngoma ulikuwa ukizikanyaga leo, zinashika kesho."

Fundi alicheka. Kwa muda kidogo asubuhi ile ilikuwa kama zamani, wakati walipokuwa wakiegemea boneti wanabishana habari za njia na mito.

Alianza upande wa kulia, kwa kuwa ndio uliosalimika. Akatoa gurudumu, akatoa ngoma ya breki, akaibana springi isije ikamrukia. Kisha akaingiza spana kwenye nati ya boljointi ya chini, lile goti la chuma linaloshikanisha gurudumu na mkono wa gari. Nati ile haikuhitaji spana. Ilizunguka kwa vidole.

Akaiangalia vizuri. Nati ya namna hiyo ina mapengo kichwani, na mapengoni hupita pini ndogo inayotokeza upande wa pili na kukunjwa miguu yake miwili, ili nati isifunguke gari likitikisika. Pini haikuwepo. Akajiambia imeoza na kudondoka, miaka sita si mchezo. Akafuta tundu la pini kwa kitambaa. Lilikuwa limejaa grisi ngumu, nyekundu, grisi aliyokuwa akiitumia yeye mwenyewe miaka ile. Humo ndani hapakuwa na kutu, wala alama ya chuma kusugua chuma. Tundu lile halikuwahi kupitishwa kitu.

"Vipi, limekwama?" Mwalimu aliuliza.

"Limekwama kidogo."

Hakugusa upande wa kushoto siku ile. Alisema kichwa kinamuuma, akaenda zake, na kichwa kweli kilimuuma.

Jumanne alianza na kushoto. Nati haikuwepo kabisa. Uzi wa boljointi ulikuwa mzima, haujavunjika wala haujasagika, na tundu la pini lilikuwa na grisi ileile nyekundu. Kama gurudumu lingevunjika kwa kugonga ukingo, chuma kingekatika. Hiki hakikukatika. Kilichomoka. Nati ililegea taratibu barabarani, ikaanguka mahali fulani, na kwenye mteremko goti likachomoka kwenye mkono wake.

Fundi alikaa chini kwenye zege, mgongo kwenye tairi. Alikumbuka kila kitu, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi, kwamba lilikuwepo kichwani siku zote na hakuwahi kulifungua. Ilikuwa Alhamisi jioni, siku tatu kabla ya ajali. Alibadilisha boljointi zote mbili. Pini zilikuwa zimemwishia na duka la vipuri lilishafungwa. Akazikaza nati kwa haraka, akiwa na nia ya kuzirudia, akamkabidhi shemeji yake funguo.

"Shemeji," alisema, "unakumbuka nilikwambia nini siku uliyolichukua hili gari?"

Mwalimu alifikiri. "Uliniambia nipite Jumatatu, kuna kitu kidogo unataka kumalizia. Ajali ikatokea Jumapili." Akatabasamu. "Mimi nilidhani ni honi. Ilikuwa inalia kama mbuzi."

"Haikuwa honi."

Alimweleza. Alimpelekea boljointi mkononi, akamwonyesha tundu, akamwonyesha ya kulia na nati yake iliyolegea. Alieleza kama anavyomweleza mteja, kwa sauti ya kawaida, kwa sababu hakujua sauti nyingine ya kusemea jambo kama lile. Mwisho akasema, "Hukukimbiza gari. Mama nilimuua mimi. Na wewe nimekuweka hapo mimi."

Mwalimu aliigeuza ile boljointi mapajani, mapaja yasiyohisi uzito wake.

"Miaka sita," alisema hatimaye, "nimekuwa nikijiuliza nilikuwa nawahi nini. Nimetafuta kichwani mpaka nikatunga. Nilijiambia labda mama alibanwa na haja. Labda nilitaka kusikiliza mpira. Kumbe sikuwa nawahi popote."

"Nisamehe, shemeji."

"Hilo tuliache kwanza. Dada yako usimwambie."

Fundi alimtazama asielewe. "Lazima ajue. Anakuchukia bure."

"Ndiyo maana asijue." Mwalimu alisema hayo polepole, kama anayesomesha darasa gumu. "Unajua amenifanyia nini miaka hii? Hajanipiga, hajaninyima chakula. Lakini kuna siku nimelia mbele yake, akachukua beseni akaondoka. Siku moja niliomba anishike mkono tu, akaniuliza kama mama yake alishikwa mkono. Alikuwa na haki, kwa alivyojua. Ukimwambia leo kwamba sikuwa na kosa, utamrudishia siku hizo zote moja moja. Azipeleke wapi? Mimi nimeshazoea. Yeye hataweza."

"Na mimi?"

"Wewe utanyamaza. Ndiyo kazi yako sasa."

Fundi alikubali. Alikula yamini palepale, mkono juu ya madigadi.

Jumatano na Alhamisi alifanya kazi kama mtu anayejenga kaburi. Alifunga mikono mipya, springi mpya, shokabsoba. Kila nati aliipitishia pini yake, akaikunja, akairudia kuiangalia, akaenda kunawa, akarudi kuiangalia tena. Alifunga diski na kalipa, akaunganisha mipira ya breki. Mwalimu alikaa kivulini wala hakumzungumzisha sana, ila mchana alimwomba amsogezee redio.

Ikabaki kutoa upepo kwenye breki. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hukaa ndani ya gari na kukanyaga, mwingine hukaa chini kwenye gurudumu, anafungua kinati kidogo ili mafuta yatoke na viputo vya hewa, kisha anafunga kabla mguu haujaachia. Fundi alitazama huku na huku. Mwalimu hakuwa na miguu ya kukanyagia. Jirani waliyemtegemea alikuwa amesafiri. Mwanafunzi wa Mwalimu alikuwa anakuja kulichukua gari kesho yake asubuhi.

Dada mtu alirudi saa tisa, mikono yake imekunjamana kwa sabuni. Alisimama mlangoni akasikiliza shida yao. Fundi alitegemea atakataa.

"Nikikanyaga ndiyo litaondoka?"

"Ndiyo, Dada."

Akavua kandambili, akaingia, akakaa kwenye kiti cha dereva. Hakuwahi kukaa humo tangu siku ile. Alishika usukani kwa ncha za vidole, na macho yake hayakugeukia kiti cha kushoto, alichokuwa amekaa mama.

Walianza na gurudumu la nyuma la mbali. Fundi alilala chini na chupa na mpira wake mwembamba.

"Kanyaga. Tena. Tena. Shikilia." Alifungua, mafuta yakatoka na mapovu, akafunga. "Achia."

Wakafanya hivyo mara nyingi. Wakahamia gurudumu la pili. Dada mtu alikuwa mtu wa kazi, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Walipofika mbele, upande wa kulia, sauti yake ilimfikia fundi kutoka juu.

"Kumbe ni nyepesi hivi."

"Nini?"

"Breki. Mguu tu. Mwanamume mzima na miguu yake miwili alishindwa kufanya hivi, mama akafa."

Alilisema hilo kwa sauti ya kusikika, na mumewe alikuwa hatua tano kutoka hapo. Mwalimu aliongeza sauti ya redio kidogo.

"Kanyaga," fundi alisema. "Shikilia."

Alifungua kinati. Mafuta yakaja safi, hayana hata kiputo. Akafunga. Hapo ndipo alipopaswa kusema achia. Badala yake, akiwa amelala chali, asiuone uso wa dada yake wala dada asiuone wake, alisema, "Dada, breki haikuwa na kosa. Mwalimu hakukimbiza gari. Gurudumu lilichomoka kwa sababu mimi sikuweka pini. Pini zilikuwa zimeniishia. Nilimwambia apite Jumatatu."

Redio ilizimwa.

Kutoka pale chini fundi aliona unyayo mmoja wa dada yake kupitia mlango uliokuwa wazi, kisigino kikiwa sakafuni na vidole vimekandamiza pedali. Vidole havikulegea. Alingoja. Alihesabu pumzi zake mwenyewe. Mguu uliendelea kukandamiza, mpaka ukaanza kutetemeka kwenye kifundo.

"Nani mwingine anajua?" dada mtu aliuliza.

"Mwalimu. Tangu Jumanne."

Ndipo mguu ulipoachia. Alishuka garini bila kandambili, akaenda mpaka mbele ya kiti cha magurudumu.

"Ulikuwa uninyamazie mpaka lini?"

"Mpaka nife," Mwalimu alisema.

"Kwa nini?"

Mwalimu alimtazama mkewe usoni, akaliona lile aliloliogopa likifika. Dada mtu akaugeukia ukuta. Alisimama hivyo, kiganja kimoja ukutani, kama mtu anayesubiri kizunguzungu kimpite. Fundi alishainuka, akapiga hatua kumwendea.

"Bado gurudumu lipi?" aliuliza bila kugeuka.

"Dada, tuliache."

"Nimekuuliza, bado lipi?"

"La kushoto mbele."

Akarudi garini, akakaa, akaweka mguu kwenye pedali. "Haya. Sema."

Naye fundi ikabidi alale tena chini, mahali pale pale pa gurudumu lile, aseme kanyaga, aseme shikilia, aseme achia, na dada yake akatii kila neno kwa ukamilifu mpaka hewa yote ikaisha. Kisha alitoka, akavaa kandambili zake, akamwambia, "Kusanya vitu vyako. Usirudi hapa."

Gari liliondoka kesho yake saa nne. Mwanafunzi wa Mwalimu aliliendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, akasema linashika breki bila kuvuta upande wowote, hajawahi kuona kazi safi namna ile. Hakuelewa kwa nini hakuna aliyeipokea furaha yake.

Wiki iliyofuata fundi alikwenda kituo cha polisi. Alieleza kisa chake kwa askari wa zamu, ambaye alimsikiliza kwa subira, akaingia ndani, akarudi na vumbi mikononi. Jalada halikuonekana. Askari alimuuliza kama kuna mtu analalamika. Alisema hakuna. "Sasa mzee wangu," askari alisema, si kwa ubaya, "unataka tukufanye nini?" Alirudi karakana kufungua kazi ya watu. Tangu hapo kila gari humaliza kulifunga, akalifungua tena kuhakikisha, akalifunga upya. Wateja walivumilia mwezi mmoja, wa pili wakaanza kupungua.

Habari za nyumbani alizipata kwa simu. Mwalimu alikuwa akimpigia wakati mkewe yuko kazini.

"Amerudi chumbani," Mwalimu alimwambia siku ya kwanza. Fundi alitaka kushukuru, lakini sauti ya upande wa pili haikuwa ya kushukuriwa. "Halali, shemeji. Nikifumbua macho, namkuta amekaa ananitazama. Ananiomba msamaha nikiwa na chakula mdomoni. Jana amenikumbusha siku ya beseni. Mimi nilikuwa nimeisahau, nakuapia, yeye ndiye anayeikumbuka. Kila siku anakuja na nyingine. Namwambia yamekwisha, ananijibu, kwako."

"Niseme naye?"

"Jina lako halitajwi humu. Nilikuomba kitu kimoja tu."

"Nilimsikia anakusema, nikashindwa."

"Ulishindwa kubeba. Najua. Ukamtwisha yeye."

Baada ya hapo simu zilipungua, na fundi hakuthubutu kupiga mwenyewe.

Siku ya kutimia miaka saba tangu mama afariki ilipokaribia, dada yake alimtumia ujumbe, wa kwanza na wa pekee. Ulikuwa na sentensi mbili. Kaburini mimi huenda asubuhi. Wewe nenda jioni.

Alitii. Alikwenda saa kumi na moja, na jembe dogo na dumu la maji, kama walivyozoea kwenda wawili, mmoja akipalilia na mwingine akimwagilia. Alikuta udongo bado una unyevu. Jiwe lilikuwa limesuguliwa, ukingo umefagiliwa, maua yamekatwa mabua na kupangwa. Alizunguka kaburi mara mbili akitafuta cha kufanya, na hakukuwa na hata jani moja la kung'oa.